Moshi unashukia upande wetu kwa sababu hatujuani. Tuanzie wapi?

Mpangaji_Chumba4 aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Nitaandika kirefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba kifuani tangu mwaka jana.

Ninaishi nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Kutoka dirishani kwangu hadi ukutani kwao ni hatua 38, nimezihesabu. Safu yetu ina vyumba 12, vyote vya kupanga, na nyuma yetu kuna safu nyingine tano za namna hiyohiyo. Upande wa pili wa kiwanda, kule kwenye mwinuko, ziko nyumba za wenyewe: watu waliojenga, wakazaa, wakaozesha, na bado wako palepale.

Mchana huoni kitu cha kukutisha. Ni usiku, kuanzia kama saa nne, ndipo harufu inapoingia ndani, na mdomoni unahisi ladha kama umeweka sarafu chini ya ulimi. Asubuhi nikipitisha kidole kwenye kamba ya nguo kinatoka cheusi. Mwanangu ana miaka minne na hukohoa kila alfajiri. Nikimpeleka kwa bibi yake wiki mbili kikohozi kinakwisha. Tukirudi, siku ya tatu kimeanza tena.

Mwaka jana kiwanda kilitaka kuongeza tanuri la pili. Mwanzoni lilipangwa likae upande wa juu. Tangazo la kukaribisha maoni ya wananchi lilipobandikwa, wale wa juu waliliona siku hiyohiyo, na habari ikazunguka kabla jua halijazama. Wanaye muuguzi mstaafu ambaye kila mtu humwita mama, wanaye kijana aliyekulia hapo akasomea sheria, na wote wanajuana majina mpaka ya wajukuu. Jioni moja walikusanyika kwenye uwanja wa mmoja wao, watu zaidi ya arobaini. Wakaandika barua, wakagawana kazi, siku ya kikao wakaenda wote. Mpango ukabadilishwa. Tanuri likahamishiwa chini, yaani kwetu. Sisi tulijua siku tulipoona mtambo wa kuchimba msingi.

Sina chuki nao. Mzazi yeyote angemkinga mwanawe. Rafiki yangu mmoja anaishi hukohuko juu, watoto wetu wako darasa moja. Nilimuuliza kwa nini hawakututumia hata mtu mmoja atuambie. Alinyamaza, kisha akasema, "Hatukujua huko chini tumwambie nani." Neno hilo halijanitoka, kwa sababu ni kweli tupu. Hata mimi ningeulizwa siku hiyo nani wa kuambiwa huku kwetu, nisingekuwa na jina la kutaja. Kwa miaka mitatu niliyokaa hapa, katika vyumba 12 ni viwili tu ambavyo watu wake hawajabadilika, na kimoja ni changu.

Nilijaribu. Nilipitisha karatasi ya kutia saini, nikapata saini tisa. Wiki hiyohiyo jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye mumewe huchukuliwa kibarua hapo kiwandani, alikuja akaniomba nifute jina lake. Nikalifuta mbele ya macho yake. Lakini habari zilikwisha fika. Mumewe alisimama getini siku nne mfululizo bila kuitwa. Tangu hapo hatusalimiani. Na huyu ndiye aliyenilelea mtoto nilipolazwa usiku wa manane, wala hakuuliza nitarudi lini.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, hivi ni sisi tu, au kote duniani uchafu wa viwanda huteremkia mahali ambapo watu hawajuani? Pili, nifanyeje na majirani ambao baada ya miezi sita hawapo tena, na ambao riziki yao inatoka mlemle unamotoka moshi?

---

Kibarua_wa_Zamani alijibu:

Dada, pole sana. Mimi nilifanya kazi ya tanuri miaka saba, mahali pengine. Nitakwambia kitu ambacho huenda hakitakupendeza: ile karatasi ilikuwa kosa. Nia yako ilikuwa njema kabisa, ila kibarua hana mkataba. Hahitaji kufukuzwa. Inatosha asiitwe asubuhi, na hakuna mahali pa kwenda kulalamika, kwa sababu hakuna barua inayoonyesha kwamba jana alikuwepo. Ukimwomba mtu wa namna hiyo jina lake kwenye karatasi, unamwomba sahani ya watoto wake. Usimwombe tena.

Lakini yeye ndiye anayekijua kiwanda. Sisi tulijua kila kitu. Pale nilipokuwa, feni ya chujio la moshi ilikuwa ikizimwa usiku ili kupunguza umeme, na mzigo mchafu zaidi, wenye rangi na mafuta na plastiki, uliwekwa kwa ajili ya zamu ya usiku. Wakaguzi walikuja mchana. Kwa hiyo unaposema harufu inaanza saa nne, mimi nashtuka, maana nazikumbuka saa hizo. Sisemi kwamba kwenu ndivyo ilivyo, sikioni kiwanda chenu. Nasema kuna watu ndani ya ile safu yako wanaojua ndivyo au sivyo.

Na jambo jingine, hili ni la leoleo, halingoji kikao. Mwambie huyo jirani yako, hata kwa kupitia mtoto, kwamba mumewe asiingie ndani na nguo za kazi. Azivulie nje, zifuliwe peke yake, viatu vibaki mlangoni, na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Kama kwenye vyuma hivyo mna betri kuukuu au mabomba ya zamani, kuna risasi ndani yake, yaani ile metali yenye sumu, si ya bunduki, na vumbi la risasi linasafiri kwenye pindo la suruali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza katika kiasi kilekile alichomeza. Sakafu mpige deki kwa maji, msifagie kavu. Mikono ya watoto inawe kabla ya kula.

Mimi sikuambiwa haya na mtu. Wanangu wawili wa kwanza waliparamia magoti yangu kila jioni nikiwa na vumbi hilo.

---

Ukweli_Mchungu alijibu:

Kiwanda mlikikuta. Kodi ya hapo ni nafuu kwa sababu ya kiwanda. Hameni.

---

Mpangaji_Chumba4 alijibu:

Kibarua wa Zamani, nimesoma ujumbe wako mara tatu, mara ya tatu nikilia. Asante. La nguo nitalifikisha leo.

Ndugu Ukweli Mchungu, kiwanda nilikikuta, ndiyo. Tanuri la pili sikulikuta, lilinikuta mimi. Na nikihama leo, kesho chumba hiki kitaingia mwingine mwenye mtoto. Nimeshaona wanane wakihama kwa sababu ya kifua, na kila aliyehama aliondoka na alichokijua. Aliyekuja baada yake alianza kukohoa kama vile kikohozi ni cha kwake peke yake.

---

Mwalimu_wa_Jiografia alijibu:

Nafundisha, na jambo hili nimelifuatilia kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu swali lako la kwanza, dada. Humo humo nitamjibu na ndugu aliyesema kiwanda mlikikuta.

Hoja hiyo ya "mlikikuta" ilichunguzwa. Mwaka 2001 watafiti watatu, Pastor, Sadd na Hipp, walitoa utafiti kuhusu Los Angeles, Marekani. Walitaka kujua ni nani aliyetangulia: je, mitambo ya taka zenye sumu ilijengwa kwanza kisha maskini na watu wa jamii ndogo wakaifuata kwa sababu ya kodi nafuu, au watu walikuwepo na mitambo ikawafuata? Waliona zaidi hilo la pili. Mitambo iliwafuata watu. Na wakaona jambo ambalo ndilo swali lako hasa: maeneo yaliyokuwa hatarini zaidi yalikuwa yale ambayo wakazi wake walikuwa wakibadilika, kundi moja likiondoka na jingine likiingia. Maelezo yao ni kwamba pale ambapo watu wanapishana hivyo, mafungamano yanakuwa yamelegea, na hakuna sauti moja ya kusema hapana. Kwa hiyo si nyinyi tu. Rafiki yako wa juu aliposema hawakujua wamwambie nani, alisema kwa neno moja kile ambacho wale walikifikia kwa ramani na hesabu.

Ila naomba usiondoke na fikra kwamba kufahamiana peke yake kunatosha, maana kufahamiana kuna kuta zake. Labda umesikia habari za Love Canal, kule Niagara Falls, jimbo la New York. Kampuni ya kemikali ilifukia pale tani zipatazo 20,000 za taka, baadaye zikajengwa shule na nyumba. Mwaka 1978 mama mmoja, Lois Gibbs, ambaye mwanawe alikuwa anaugua, alianza kugonga milango, nyumba kwa nyumba, akiuliza nani anaumwa nini. Watu waliungana mpaka rais wa nchi akatangaza hali ya dharura. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi hivyo, na ni kweli. Kisichosimuliwa sana ni kwamba chama chao kilikuwa cha wenye nyumba. Jirani kabisa palikuwa na nyumba za serikali za kupanga, Griffon Manor, wakazi wake wengi wakiwa Weusi. Sumu ile haikuuliza nani ana hati ya nyumba, lakini wapangaji hawakuwa na nafasi sawa mezani, wakalazimika kuunda chama chao wenyewe. Ukisoma hapo, unauona ule mwinuko wenu na safu zenu za chini.

Na kuhusu riziki na moshi kutoka mlango mmoja, tazama mji wa Norco, Louisiana. Mtaa mmoja wa hapo, Diamond, ulikuwa na barabara nne tu, umebanwa kati ya kiwanda cha kemikali cha Shell na kiwanda cha kusafisha mafuta. Wakazi wake walikuwa Weusi. Mwaka 1973 bomba lililipuka na watu wawili wa mtaa huo wakafa. Upande wa pili wa mji walikaa Wazungu, wengi wao wakifanya kazi Shell, na wengi wa hao walisema hewa haina shida yoyote. Nao walikuwa na mafungamano ya nguvu: walifanya kazi pamoja, walistaafu pamoja. Mafungamano hayohayo ndiyo yaliyowafunga midomo. Diamond waliongozwa na mwalimu mstaafu, Margie Richard. Walichukua sampuli za hewa kwa ndoo za plastiki zenye mfuko maalumu ndani, kazi ambayo mtu wa kawaida anaweza kufundishwa. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kununua nyumba zao ili wahame.

Nimeyataja haya kwa sababu ya jirani yako. Asiposalimia, usidhani mafungamano yamekatika. Yapo, ila kamba inavutwa na mkono wenye nguvu zaidi kuliko wako.

---

Mama_wa_Daftari alijibu:

Mwanangu (nakuita hivyo, umri wangu unaniruhusu), nitakujibu la pili, maana nimepita humo.

Sisi tulianza tukiwa wanawake watatu bombani. Hatukuanza na karatasi ya saini. Tulianza na daftari la kawaida la shule. Kila aliyeamka usiku kwa harufu aliandika: tarehe, saa, upepo ulitoka wapi, harufu ikoje, nani ndani ya nyumba aliumwa na nini. Hatukuandika majina, tuliandika namba za milango. Baada ya miezi minne ulipolisoma ulijua siku ambazo moshi unashuka, usiku gani na saa ngapi. Afisa alipotuambia hakuna kitu, hatukubishana naye. Tulimwomba alale kwetu usiku wa Alhamisi. Hakulala, ila alituma mtu na kipimo, na kipimo kilisema alichokisema.

Sasa sikiliza hili, ndilo ninalotaka ulichukue. Tulikuwa kama nyinyi, watu wa kupita. Yule wa kwanza katika sisi watatu alihama na daftari likaondoka naye, tukapoteza miezi minane. Kuanzia hapo tuliamua daftari ni la mlango, si la mtu. Kila mlango ukawa na ukurasa wake. Anayehama anamkabidhi wa chumba cha pili, na anayehamia anakaribishwa nalo, anaonyeshwa walioishi humo kabla yake waliandika nini. Mgeni akisoma kwamba mtoto aliyelala palepale kabla ya wake alikohoa tangu mwezi wa pili, humhubirii tena. Amekuwa jirani siku hiyohiyo.

Umesikia habari za Owino Uhuru, Mombasa? Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu katikati ya watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho. Mwanawe mchanga akaugua, akapimwa, ikaonekana risasi ilimfikia kupitia maziwa ya mama yake. Aliacha kazi, akaanza kuzungumza na majirani, watoto wengine nao wakapimwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa zikaingia kati, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile. Watu walizikana humo katikati. Nakwambia miaka hiyo kwa makusudi, uone ni ndefu kiasi gani. Ndiyo maana daftari lisitegemee mtu mmoja, hata akiwa hodari kama wewe.

Na yule muuguzi wa juu umwendee. Mwende wawili, usiende peke yako.

---

Mpangaji_Chumba4 alijibu (wiki tano baadaye):

Ndugu zangu, nimerudi kuwaeleza.

Habari ya nguo niliipeleka mwenyewe. Sikutaka kumtuma mtoto. Niligonga, jirani akafungua, nikasema bila kuingia: sikuja kwa ajili ya karatasi, nimekuja kwa ajili ya suruali ya mumeo. Nikamweleza yote kama Kibarua wa Zamani alivyoandika. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango. Hakusema kitu, akafunga. Kesho yake asubuhi niliona nguo za mumewe zimeanikwa peke yake kwenye kamba ya mbali, na viatu viko nje. Siku mbili baadaye alinisalimia.

Daftari tumelianza tukiwa milango mitano. Sasa ni tisa kati ya 12, na safu ya nyuma yetu wameanza lao. Hatuandiki majina. Wale ambao waume zao huchukuliwa vibarua hawatuandikii chochote na hatuwaombi. Lakini mara mbili sasa nimekuta kijikaratasi chini ya mlango wangu, kimeandikwa saa tu: "5 usiku hadi 9." Usiku huo wote nimekaa macho, na saa tano kamili harufu iliingia. Mwandiko nausitiri moyoni.

Kwa muuguzi tulikwenda wawili, mimi na mzee wa chumba cha kwanza, yule mwingine ambaye hajawahi kuhama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilipomwambia kwamba tanuri walilolikataa lilikuja kwetu, aliweka miwani mezani. Alidhani limefutwa. Wote kule juu walidhani limefutwa. Hakuna aliyewaambia, kama ambavyo sisi hakuna aliyetuambia. Alishuka nasi jioni hiyohiyo, akaketi kitandani kwangu, akamsikiliza mtoto kifua kwa sikio lake, akapita vyumba vinne. Amesema watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwe damu, na ametuandikia barua ya kwenda nayo. Wanakwenda watoto 11. Majibu bado.

Yule kijana wa sheria ameomba kwa maandishi nakala ya tathmini ya mazingira ya tanuri la pili. Anasema ombi lina tarehe na muhuri wa kupokelewa, na kama hawatajibu, kutojibu kwenyewe ni ushahidi.

Mama wa Daftari, nina swali dogo. Mwenye nyumba amepata habari, na ameniambia kwa upole, lakini ameniambia, kwamba kodi yangu ikiisha mwezi ujao huenda ana mtu mwingine wa chumba hiki. Nimeshamkabidhi mzee wa chumba cha kwanza daftari kuu. Je, nakala ya pili ikae wapi?

---

Mama_wa_Daftari alijibu:

Ikae juu, kwa muuguzi. Na ya tatu ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, ikae kwenye simu tatu tofauti.

Usiondoke bila kuandika ukurasa wa mwisho wa chumba namba nne kwa mkono wako. Andika mtoto ana umri gani, kikohozi kilianza lini, na kwamba kwa bibi yake kinakwisha.

---

Mpangaji_Chumba4 alijibu:

Nimeandika jana usiku. Chumba namba tisa wamehamia watu wapya leo, mama na mapacha. Nimewapelekea maji, na ukurasa wao.